Maswali ya Wasomaji: Vidole vya Bagipaipu, Tuanzie Wapi?

Jamani, toleo lililopita niliandika ukurasa mmoja tu kuhusu yale mashindano ya dunia ya bendi za bagipaipu yanayofanyika kila Agosti pale Glasgow Green, nikagusia kwamba na mimi napiga, huu mwaka wa tisa tangu nianze kujifunza hapahapa Glasgow, basi maswali yaliyoingia sikuyategemea kabisa. Wengine mna chanta mkononi tayari, wengine mmeona video kwenye simu mkavutiwa. Nimechagua yanayohusu vidole maana ndo mengi na ndo penye kazi yenyewe.

Kwa ambaye hakusoma ile makala: bagipaipu ninayoiongelea ni ile kubwa ya nyanda za juu za Scotland, yenye mfuko unaobanwa kwapani, mabomba matatu yanayoegemea begani na kuvuma sauti moja bila kubadilika, hayo wanaita droni, mbili za sauti ya tenor na moja ya besi, halafu kule chini kuna filimbi yenye matundu ambayo ndo vidole vinaichezea, hiyo ndo chanta. Anayeanza hagusi mfuko. Anaanza na chanta ya mazoezi, ni kama filimbi ndefu nyembamba ya kupuliza kwa mdomo, ina ridi ndani, yaani kile kipande chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti, mlio wake ni mdogo hata majirani hawasumbuki, na vidole vyake ni vilevile vya bagipaipu kamili.

Shikamoo mwalimu. Kaka yangu anaishi Aberdeen, Desemba alikuja likizo akaniletea chanta ya mazoezi. Nikipuliza bila kufunga kitu inalia vizuri, ila nikifunga matundu yote inakoroma, saa nyingine inapiga kelele kama mlango mbovu. Mikono yangu ni midogo ndo tatizo? Na vidole vinakaaje hasa? – Msomaji, Mbeya

Marahaba, na hongera kwa zawadi. Mikono yako haina shida, watoto wa shule ya msingi huku wanapiga. Huko kukoroma karibu kila mara kunamaanisha kitu kimoja, kuna tundu linavuja, na mimi bila kukuona naweka dau kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia au kile cha pete jirani yake.

Tuanze mwanzo kabisa. Mkono wa kushoto unakaa juu, wa kulia chini. Nyuma ya chanta kuna tundu moja, hilo la gumba la kushoto. Mbele yako saba. Matatu ya juu ni ya shahada, cha kati na cha pete vya kushoto, kidole cha mwisho cha kushoto hakina tundu, kiache kikae kimelegea. Manne ya chini ni ya mkono wa kulia, shahada mpaka cha mwisho, vyote vina kazi. Gumba la kulia halifungi kitu, linategemeza tu kwa nyuma, usawa wa katikati ya shahada na cha kati.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea. Usifunge matundu kwa ncha za vidole kama mtu anayekamata nyuzi za gita! Vidole vinanyooka. Mkono wa kushoto unafunga kwa ile nyama ya pingili ya mwisho, ya upande wa kucha. Mkono wa kulia unafunga kwa pingili ya kati, yaani kidole kinapita juu ya tundu na ncha yake inatokeza upande wa pili, ni kile cha mwisho tu ndo kinafunga kwa nyama ya ncha kwa sababu ni kifupi. Utaona ajabu siku za kwanza, mkono utahisi kama umeuweka vibaya. Vumilia. Sababu ni kwamba chanta ya bagipaipu yenyewe ina matundu mapana na yako mbalimbali, ukizoea ncha za vidole kwenye hii ya mazoezi basi siku unahamia kwenye kubwa unaanza upya kila kitu, na kuondoa mazoea ya kidole ni kazi ngumu kuliko kuyaweka.

Na usibane. Mtu akiona panavuja anakaza, akikaza mkono unakakamaa, ukikakamaa kidole kinasogea, panavuja zaidi. Mwalimu wangu wa kwanza hapa, mzee mmoja mpole sana, kila nikimaliza zoezi alikuwa ananiambia geuza mikono, ananiangalia vidole. Tundu la chanta linaacha kiduara kwenye nyama. Kiduara kikiwa hafifu na kimekaa katikati ya pingili anatikisa kichwa tunaendelea, kikiwa kimezama mpaka chekundu ananirudishia chanta mezani, nikunje na kukunjua mikono mpaka damu irudi, tunaanza tena. Fanya hivyo na wewe. Puliza G ya chini, yaani matundu yote yamefungwa, kwa dakika moja, afu geuza mikono usome viduara vyako. Kama kimoja kimekatika upande, kinaonekana nusu mwezi badala ya duara, hapo ndo panapovuja, huna haja ya kumuuliza mtu.

Ukishaipata G ya chini safi, noti zote ni tisa tu na mi nashauri uanzie mkono wa juu. Weka shahada, kati na pete vya kulia chini, nyanyua kile cha mwisho cha kulia, mkono huo usiuguse tena. Kushoto nyanyua cha pete, hiyo ni E. Nyanyua na cha kati, hiyo F. Nyanyua na shahada, hiyo G ya juu, gumba bado limefunga. A ya juu ndo ina ujanja kidogo, unafungua gumba nyuma, shahada na cha kati vinabaki juu, ila cha pete kinarudi chini. Zungusha hizo nne siku tatu nne. Baadaye funga kushoto kote ushuke kulia: ukiwa umefunga yote na kunyanyua cha mwisho tu ni A ya chini, ukiongeza cha pete ni B, kwenye C unanyanyua cha kati na cha pete lakini cha mwisho kinarudi kufunga, na D unaongeza shahada, cha mwisho bado kiko chini. Hicho kidole cha mwisho cha kulia kwenye A ya chini na B kiko juu, C na D kiko chini, E kwenda juu kabisa kiko juu tena, kwa hiyo kinapanda na kushuka kuliko vyote na ndo dhaifu kuliko vyote. Kitunze.

Niaje mwalimu. Nimejifunza noti zote tisa, nimejaribu wimbo rahisi, lakini pale wimbo unaporudia noti ileile mara mbili mimi zinaungana inakuwa noti moja ndefu. Kwenye filimbi nilikuwa nakata kwa ulimi. Hapa ulimi nautumiaje? – Msomaji, Nairobi

Poa kabisa, na swali lako ndo moyo wa chombo chenyewe. Ulimi hutautumia. Kwenye chanta ya mazoezi unaweza kujidanganya ukakata kwa ulimi, lakini kwenye bagipaipu hewa inatoka kwenye mfuko, mdomo wako hauko karibu na ridi kabisa, huwezi kuisimamisha. Sauti ikishaanza haikatiki mpaka unamaliza. Na huwezi kuipunguza wala kuiongeza nguvu, kubwa ni hiyohiyo mwanzo mwisho. Hebu fikiria mtu anayeongea bila kupumua na bila kupandisha wala kushusha sauti, maneno angeyatenganishaje? Ndo maana Waskoti wakatengeneza lugha nzima ya vidole. Kidole kinafanya kazi ya ulimi.

Kinachotumika kinaitwa gresinoti, noti fupi mno ya kugusa, haina muda wake kwenye mapigo, inachomekwa tu kutenganisha au kukazia. Chukua A ya chini. Ipige, halafu nyanyua shahada ya kushoto na uirudishe papo hapo, vidole vingine vyote vimetulia. Utasikia kama cheche. Hiyo ni gresinoti ya G, na A yako moja imekuwa mbili. Ukifanya hivyo kwa shahada ya kulia ni gresinoti ya D, ukifanya kwa kidole cha pete cha kushoto ni ya E. Hizo tatu, G D E, zipige kwa kufuatana kwenye A ya chini, kila moja kwenye pigo la mguu, taratibu, sekunde moja kwa kila moja. Zoezi hili wanalifanya wanaoanza na wanalifanya wapigaji wa bendi kubwa kila jioni kabla ya mazoezi, sijawahi kuona bendi inayoliruka.

Kidole kisipae juu. Kinyanyuke kutokea kwenye fundo la kiganja, kimenyooka, kama mlango kwenye bawaba, kifike kimo cha upana wa kidole kirudi. Kosa la kwanza ni kuifanya ndefu, mpaka msikilizaji anaisikia kama noti ya wimbo. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu mwenyewe husikii: unatoka A kwenda B na gresinoti ya G, shahada ya kushoto inatakiwa iruke wakati uleule ambao kidole cha pete cha kulia kinafungua B. Ikitangulia kidogo unapata cheche kwenye A halafu B inakuja kwa kuchelewa, wimbo wote unaonekana unachechemea. Jirekodi kwa simu usikilize polepole. Inauma kujisikia lakini inasaidia sana.

Ukimaliza hizo ndo unaingia dabolingi, yaani gresinoti mbili kwenye noti moja. Kwa B ni gresinoti ya G, B inasikika kidogo, gresinoti ya D, B inaendelea. Usiifanye kwa haraka eti ndo isikike kama ya wale wa jukwaani. Ifanye kwa upole mpaka usikie vipande vyote vinne, haraka itakuja yenyewe.

Nikitoka D kwenda E kuna kisauti kinatokea katikati, kama kwikwi. Mwalimu wa video anasema ni kosa lakini hasemi la kufanya. Nimekata tamaa karibu niiuze chanta. – Dada wa Tanga

Usiiuze dada yangu, nakuomba. Hicho kisauti wote tumepita nacho, na mimi nilikaa nacho miezi, kuna kipindi nilipiga D na E tu wiki tatu mfululizo, hakuna wimbo hakuna chochote, mke wangu alikuwa anaweza kuziimba jikoni.

Angalia kinachotokea. Ukiwa D, mkono wa kulia vidole vitatu viko juu, cha mwisho chini, kushoto kote kumefungwa. E ni kinyume, vitatu vya kulia vinashuka, cha mwisho kinapanda, na cha pete cha kushoto kinapanda. Kwa hiyo vidole vitano vinatakiwa vihame kwa pamoja, vingine juu vingine chini, mikono miwili tofauti. Mkono wa kulia ukiwahi hata kidogo, kwa ule muda mdogo wa katikati matundu yote yanakuwa yamefungwa au karibu yote, na chanta inatoa G ya chini au A ya chini. Ndo hiyo kwikwi. Kwa kuwa chombo hakinyamazi, kila kosa la katikati linasikika, hakuna pa kulificha.

Dawa niliyopewa na ambayo imenisaidia ni hii. Weka chanta mezani usipulize. Shika kalamu nene au kipande cha ufagio kama chanta. Tengeneza D, tulia, halafu badilisha kwenda E kwa mpigo mmoja huku unaangalia kidole cha pete cha kushoto, hicho tu, usiangalie vingine. Mara nyingi huwa ndo kinachelewa kwa sababu akili yote imeenda kulia kwenye vile vitatu. Mwambie huyo wa pete ndo kiongozi, wengine wanamfuata. Fanya hamsini. Ndo upulize, D mapigo manne, E mapigo manne, taratibu kiasi cha kukuchosha roho. Kwikwi ikitokea simama, usiendelee, rudia. Ukiendelea nayo unaifundisha mikono hiyo kwikwi.

Na C kwenda E, B kwenda E ni ndugu zake, ukimaliza huyu hao watakuwa wepesi. Kama kuna kitu kimoja kwenye ukurasa huu wote nataka ukichukue wewe na wenzako ni hichi, msikilize kinachotokea katikati ya noti mbili. Noti zenyewe kila mtu anazipata ndani ya wiki mbili.

Mimi ni mashoto. Nibadilishe mikono? – Msomaji, Bukoba

Usibadilishe. Matundu ya mbele yako mstari mmoja kwa hiyo inawezekana, na wapo wanaopiga hivyo, lakini mikono yote miwili ina kazi nzito hapa, mashoto hana hasara. Bendi inapiga gwaride na droni ziko bega la kushoto wote, ukibadilisha droni zako zitakuwa zimeegemea upande mwingine, walimu wengi watakusumbua na kumpata wa kukufundisha itakuwa shida zaidi.

Assalaam aleikum mwanangu. Mimi mtu mzima, nyumbani kwetu Unguja lakini nimezeekea Maskati. Huku bagipaipu si kitu kigeni, bendi za jeshi na za kifalme wanapiga, wengine wako juu ya farasi. Mjukuu wangu anajifunza, ananiambia anasumbuliwa na kitu kinaitwa beli, kidole kidogo hakimtii. Nimwambie nini? – Babu, Maskati

Waaleikum salaam, shikamoo babu. Nimefurahi sana kupata barua yako. Ni kweli kabisa, Oman wamelichukua hili jambo kwa uzito, wana wapigaji wanaume na wanawake, na huyo wa juu ya farasi mimi nikimwona kwenye picha namwonea huruma na kumheshimu kwa pamoja, maana sisi huku kutembea tu kwa miguu huku unabana mfuko ni mtihani.

Beli ni hii, babu: mpigaji yuko kwenye A ya chini, kidole cha mwisho cha kulia kiko juu. Anatakiwa aifunge G ya chini mara mbili haraka na kurudi kwenye A, kidole hichohicho kimoja. Ikitoka vizuri inasikika kama mlio wa kumkunja mtu roho kwa raha, mlio wa kuviringika. Ikitoka vibaya ni kama kijiti kimekwama kwenye gurudumu.

Siri ni kwamba kidole hakigongi mara mbili. Kile cha mwisho hakina nguvu ya kugonga mara mbili kwa kasi hiyo, kwa wengi wetu. Kinagonga mara moja, halafu kinavutwa, yaani kinapita juu ya tundu kwa kuteleza kuelekea kiganjani, na katika kupita ndo kinafunga mara ya pili. Wengine huku wanasema kama unachora namba 7. Mwambie afanye vipande viwili mbalimbali kwa siku kadhaa, kugonga peke yake, kuvuta peke yake, na vya kuvuta ajaribu juu ya meza kwanza, kidole kiteleze bila kiganja kuhama. Kiganja kikitikisika ujue anatumia mkono mzima kufanya kazi ya kidole. Kingine babu, muulize kama pete na cha kati vinabaki vimefunga wakati anavuta. Mara nyingi kile cha pete kinanyanyuka kidogo kumfuata mwenzie, na hapo hata akivuta vipi haisikiki.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Kikianza kuuma aache, kidole hicho kikivimba anapoteza wiki nzima.

Samahani mwalimu, naomba unieleze throo ya D kwa Kiswahili, kila sehemu wanaandika herufi tu. – Msomaji, Nairobi (mwingine)

Throo ya D ni pambo la vidole la kuingilia noti ya D. Fuata mkono wa kulia tu, kushoto kote kumefungwa na hakufanyi kitu. Tuseme unatoka A ya chini. Moja, teremsha kidole cha mwisho, umepata G ya chini, ishikilie uisikie. Kidole hicho kimeshatulia hapo, hakitanyanyuka mpaka mwisho, hilo ndo watu hawaambiwi. Mbili, rusha shahada juu. Tatu, inaporudi chini cha kati na cha pete vinafunguka, hiyo ni C. Nne, shahada inafunguka tena, umefika D. Ile G ya chini ya mwanzo ndo uti wa mgongo, wengi wanaikimbia na throo inakosa uzito. Kuna nyingine nzito zaidi ambayo kabla ya C unarudi tena kwenye G ya chini, hiyo muulize mwalimu wa bendi yako anataka ipi, kwenye bendi wote mnapiga aina moja.

Ukiiweza hiyo umeshajifungulia pambo jingine linaitwa gripu, maana ni G ya chini, cheche ya D, G ya chini. Torlua ni gripu unayoongezea gresinoti ya E mwishoni. Vidole ni vilevile.

Mimi mpiga zumari, nimejifunza kwa mjomba Lamu tangu mdogo, harusini na maulidini. Zumari napuliza bila kukata pumzi, hewa naiweka mashavuni huku navuta kwa pua. Je hii itanisaidia kwenye bagipaipu au nitaanza sifuri? – Fundi, Lamu

Fundi, wewe huanzi sifuri, na natamani ungekuwa karibu tukakaa jioni moja. Kwanza sikio lako limeshazoea sauti isiyokatika, sisi wengine tulichukua miaka kuelewa kwamba mapambo ya vidole ndo yanabeba wimbo. Pili midomo na pumzi yako ina nguvu tayari.

Ile pumzi ya mzunguko kwenye bagipaipu kamili huihitaji, mfuko ndo shavu lako. Unapuliza, unapovuta hewa mkono unabana, ridi haijui kama umepumua. Kwenye chanta ya mazoezi ukiitumia hakuna atakayekukataza lakini mi nakushauri upumue kawaida mwisho wa sentensi ya wimbo, ili akili yote iende vidoleni.

Kitakachokusumbua ni uhuru. Kwenye zumari fundi anapamba anavyojisikia, leo hivi kesho vile. Kwenye bagipaipu ya bendi kila gresinoti imeandikwa, wapigaji ishirini wananyanyua kidole kimoja kwa wakati mmoja, ukiongeza chako kimoja kinasikika kama mtu kapiga chafya msikitini. Ila jua pia kwamba zamani huku hawakuandika. Kisiwa cha Skye kulikuwa na ukoo wa MacCrimmon, walimu wakubwa, na ule muziki mzito wa bagipaipu ulifundishwa kwa mdomo, mwalimu anaimba silabi, kila silabi ina noti yake na mapambo yake, mwanafunzi anaimba mpaka aishike ndo anapewa chanta. Nilipoambiwa hivyo nilikumbuka madrasa, na nadhani na wewe unakumbuka jinsi mjomba wako alivyokuwa anakuimbia kabla hajakupa zumari mkononi. Basi tumia njia hiyohiyo. Usikimbilie karatasi. Sikiliza wimbo mmoja, uimbe na mapambo yake yote kwa mdomo ukiwa unatembea pwani, vidole vitafuata.

Mwalimu, sisi huku Kilwa ndo kwenye mpingo. Nasikia bagipaipu zinatengenezwa kwa mpingo wetu. Ni kweli? Na je anayejifunza vidole anahitaji chanta ya mpingo au hata ya plastiki? – Msomaji, Kilwa

Ni kweli kabisa, na siku nilipoijua nilikaa kimya muda mrefu. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji ndo mti wanaoupenda watengenezaji wa bagipaipu, klarineti na oboi, kwa sababu ni mzito mpaka unazama majini, haunyonyi unyevu wa pumzi kirahisi, na ukitobolewa tundu linabaki na kingo kali, safi. Huo ni mti wetu wa taifa, na unachukua miaka kama 70 mpaka 100 hivi kukomaa wa kuvunwa. Vijiji vya Kilwa vilikuwa vya kwanza Afrika, mwaka 2009, kupata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, nyie mnalijua kuliko mimi. Na tangu Januari 2017 biashara ya jamii nzima ya miti hiyo inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Kwa anayeanza, plastiki ngumu inatosha kabisa, haipasuki kwa jua, unaosha kwa maji, na vidole vinajifunza yaleyale. Bendi nyingi siku hizi hata chanta zao za mashindano ni za plastiki hiyo, droni ndo wengi wanabaki na mpingo. Usitumie hela kubwa mwaka wa kwanza. Hakikisha tu ni chanta ndefu ya saizi kamili kama ni mtu mzima, matundu yake yanakaa kwa umbali unaokaribiana na wa bagipaipu yenyewe, na ridi usiiguse kwa vidole wala usiinyonyenyonye, ikilowa sana itoe iache ikauke usiku.

Yangu ya mazoezi ni ya mpingo, niliinunua mwaka wa tatu. Kukiwa na baridi ya asubuhi huku naiweka kwapani ndani ya koti dakika kumi kwanza ipate joto la mwili, maana mpingo uliopoa ukipulizwa pumzi ya moto ghafla unaweza kupasuka, na wakati inapata joto nakunja na kukunjua kidole cha mwisho cha kulia.